Je, waya wa antena ya runinga unaweza kuvujisha mawimbi hadi nyumba ya jirani?

Mwenye Nyumba (Mbagala):

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wenye ujuzi wa antena, maana jambo hili limeanza kuniharibia ujirani.

Nina nyumba ya vyumba vinane hapa Mbagala; vitatu tunakaa mimi na familia yangu, na vilivyobaki nimepangisha. Mwaka jana nilichoka kuona kila mpangaji akisimamisha mlingoti wake juu ya bati, na kila mvua ikinyesha nina tundu jipya la kuziba. Nikamwita fundi atandike mfumo mmoja: antena moja juu ya bomba, busta (kifaa cha kukuza mawimbi) chini yake, kisha waya unaoshuka darini na kugawanywa kwa spilita ya njia sita, ili kila mtu achomeke king'amuzi chake chumbani. Kazi ilikwisha kwa siku moja na picha zikawa safi.

Baada ya wiki chache mzee jirani yangu, ambaye antena yake iko kama hatua kumi na tano kutoka kwangu, alikuja kulalamika kwamba baadhi ya chaneli zake zinapotea, siku nyingine mbili, siku nyingine nne. Nilimsikiliza kwa adabu lakini sikumwamini, mpaka usiku mmoja LUKU yangu ilipoisha. Kesho yake akaniambia kwamba muda wote nilipokuwa gizani runinga yake ilikuwa nzima, na mara niliponunua umeme chaneli zikapotea tena. Yeye ana mita yake, kwa hiyo kwake umeme haukukatika.

Upande wa ndani nako kuna kero. Mpangaji wa chumba cha mwisho akipokea simu akiwa amekaa karibu na runinga, picha inakatika vipande vipande na sauti inakwama, na akienda kuongelea nje picha inarudi. Nimemrudia fundi wangu, naye anashikilia kwamba antena inapokea tu, haitoi chochote, hivyo malalamiko ya mzee hayawezi kuwa ya kweli. Je, ni kweli waya wa antena hauwezi kuvujisha mawimbi? Na kama unaweza, nitajuaje mahali panapovuja ilhali sina kipimo chochote?

Fundi Mlingoti:

Ndugu mwenye nyumba, mzee wako anasema kweli, tena LUKU imekufanyia kipimo ambacho wengine tunakifanya kwa kupanda ngazi. Busta ikikosa umeme jirani anapona, ikipata umeme jirani anaugua. Hapo hakuna haja ya kumtafuta mchawi mwingine.

Nimefunga antena kwa miaka mingi, na kwa niliyoyaona darini ninaweza kubashiri kilichopo kwako. Panda na tochi uangalie kila mahali waya ulipoungwa. Mara nyingi utakuta fundi amevua ganda la nje kwa kisu, akausokota wavu wote, yaani zile nyuzi zinazozunguka waya wa kati, upande mmoja kama mkia wa panya, akafunga waya wa kati kwa waya wa kati na mkia kwa mkia, kisha akazungushia utepe mweusi. Kwa waya wa taa kiungo hicho kingetosha, lakini kwa waya wa antena ni dirisha lililoachwa wazi, kwa sababu kipande kile kisichofunikwa na wavu, hata kikiwa na urefu wa kidole tu, kinatoa na kuingiza mawimbi.

Angalia pia konekta, yaani vichwa vya waya. Zile za kusokota kwa mkono hulegea kwa joto la bati, na uzi mmoja tu wa wavu ukigusa waya wa kati, umeme wa busta, ambao hupanda kwa waya huohuo, unakufa kabisa. Halafu soma maandishi kwenye ganda la waya. Ukikuta 3C-2V au 5C-2V, huo una wavu peke yake bila karatasi ya alumini ndani, na katika waya wa bei ya chini wavu wenyewe huwa umesukwa kwa nafasi, unaweza kuuona mpira mweupe wa ndani ukichungulia kati ya nyuzi. RG-6 iliyo halali ina karatasi ya alumini iliyozunguka mpira wote, na juu yake wavu.

Nina maswali matatu. Busta yako imeandikwa desibeli ngapi, yaani inakuza kwa kiasi gani? Waya unaotoka kwenye busta unapita wapi kabla ya kuingia darini? Na je, njia zote sita za spilita zina king'amuzi, au zipo zilizoachwa wazi?

Mhandisi wa Masafa:

Naongezea maelezo juu ya aliyosema Fundi Mlingoti, kwa kuwa hoja ya kwamba antena hupokea tu nimeisikia hata kwa watu waliosoma. Antena haina mlango mmoja wa kuingilia na mwingine wa kutokea. Umeme wa masafa ya juu ukiletwa kwenye nondo zake, utatoka hewani kwa urahisi uleule ambao mawimbi ya hewani huingia. Hata kipokezi chenyewe huvuja: kule Uingereza, magari ya kusaka runinga zisizolipiwa leseni yalianza kuzunguka mwaka 1952 yakitegemea mawimbi hafifu yanayotoka kwenye runinga za watu.

Sasa tuje kwenye waya. Mkondo unaopita kwenye waya wa kati una mwenzake anayerudi kwenye uso wa ndani wa wavu, wakiwa sawa kwa nguvu na kinyume kwa mwelekeo, hivyo kwa mtu aliye nje wanafutana. Kwenye masafa ya runinga, tuseme megahezi 600, umeme hausafiri katika unene wote wa shaba bali kwenye ngozi yake tu, ambayo kina chake ni takriban milimita 0.003. Ndiyo maana uso wa ndani wa wavu na uso wake wa nje ni kama barabara mbili zisizokutana, ingawa ni chuma kimoja. Pale wavu unapokatwa na kusokotwa mkia, barabara hizo zinakutana: mkondo wa ndani unapata njia ya kutoka na kutembea juu ya waya, na tangu hapo waya mzima unaoshuka ukutani umegeuka antena. Urefu wa wimbi la megahezi 600 ni sentimita 50, kwa hiyo mkia wa sentimita 12 ni robo ya wimbi kamili, kipimo ambacho mtu angekichagua kama angekusudia kutengeneza antena.

Waya unaofikia daraja A katika viwango vya Ulaya hutakiwa kuzuia kwa desibeli 85 au zaidi kati ya megahezi 30 na 1000. Kwa lugha nyepesi, kinachovuja ni sehemu moja tu kati ya milioni mia tatu ya kilichomo. Kiungo cha utepe mweusi hakifiki popote karibu na hapo.

Hata hivyo uvujaji wa waya peke yake, bila busta, usingemfikia jirani, kwa kuwa kilichomo ndani ya waya ni kidogo mno. Kinachonitia shaka ni busta. Ikiwa yako ni ya desibeli 35, inaongeza nguvu mara elfu tatu na zaidi. Basi inatosha sehemu moja kati ya elfu tatu ya kile kinachotoka kwenye busta irudi hewani na kuingia tena kwenye antena, na busta itaanza kulia yenyewe. Umeshaona harusini mshereheshaji akisogea na kipaza sauti mbele ya spika, ukumbi mzima ukaziba masikio. Ni jambo lilelile, ila hapa anayeziba masikio ni king'amuzi cha jirani. Busta inayolia inatoa mawimbi yake yenyewe, wakati mwingine kwenye masafa ya chaneli fulani, wakati mwingine mbali kabisa na masafa ya runinga. Mwaka 2001 katika bandari ya Moss Landing, California, vipokezi vya GPS vilikosa dira kwa muda mrefu, na watafiti walipofuatilia walikuta chanzo ni antena za runinga zenye busta ndani yake, zilizofungwa kwenye boti za watu. GPS iko kwenye megahezi 1575, na boti zile zilitaka kuona runinga tu.

Kwamba chaneli zinazopotea kwa mzee ni mbili leo na nne kesho kunaendana na shaka hiyo. Kila mpangaji anapochomoa au kuchomeka king'amuzi hali ya waya inabadilika, na mlio wa busta unahama.

Vipimo vinavyoweza kufanyika bila kifaa ni hivi. Kwanza, mwombe mzee afungue ukurasa wa king'amuzi unaoonyesha nguvu na ubora wa mawimbi, kisha chomoa adapta inayoipa busta umeme na kuirudisha mara tatu au nne huku mkiongea kwa simu. Atazame ubora, asitazame nguvu, kwa kuwa kelele nazo huhesabiwa kuwa nguvu. Pili, fungua waya wa antena pale unapoingia kwenye busta na uache tundu lile tupu, kisha uone kama runinga za vyumbani bado zinapata chaneli. Zikipata, basi waya wenyewe ndio unaopokea, na panapoingia mawimbi ndipo panapotoka.

Mdau wa Mwanza:

Mimi nilikuwa na tatizo la picha kukatika, nikanunua busta kubwa zaidi na limekwisha. Kwa nini asijaribu hivyo kwanza kabla ya kuanza kubomoa dari? Au azungushie karatasi ya jikoni ya alumini kwenye viungo, nimeona watu wakifanya.

Mhandisi wa Masafa:

Ndugu wa Mwanza, yawezekana kwako mawimbi yalikuwa hafifu kweli, na hapo busta ilikuwa dawa. Kwa mwenye nyumba wetu busta kubwa itamzidishia mzee maumivu, kwani kinachovuja kitakuzwa vilevile, na mlio utaanza mapema zaidi. Kuhusu karatasi ya jikoni, ikiwa haikugusana na wavu mzunguko mzima pande zote mbili za kiungo, ni pambo. Haiwezi kulehemiwa kwa risasi ya kawaida, na kwa hewa yetu ya chumvi alumini ikikutana na shaba huota ukungu mweupe na kuacha kupitisha umeme.

Mwenye Nyumba (Mbagala):

Nawashukuru wote. Nimesubiri Jumamosi wapangaji wawepo, nikapanda mwenyewe na kijana wangu.

Naanza na maswali ya Fundi Mlingoti. Busta imeandikwa desibeli 36. Spilita ina njia sita, na zinazotumika ni nne. Mbili zilikuwa tupu, moja yake ikiwa na kipande cha waya kama mita mbili kinachoning'inia darini bila kwenda popote. Waya wenyewe umeandikwa RG-6, lakini nilipouchuna nimekuta karatasi ya alumini haizunguki mpira wote, imeacha ufa kama upana wa njiti ya kiberiti, na wavu una nyuzi chache ambazo kijana wangu alizihesabu bila kupoteza hesabu.

Jambo lililonishangaza zaidi liko juu ya mlingoti. Fundi alibakiwa na waya wa mita nne hivi, hakutaka kuukata, akauviringisha na kuufunga kwenye bomba kiganja kimoja tu nyuma ya antena. Huo ni waya unaotoka kwenye busta, na katikati ya mviringo ule ndipo alipounga. Nilipouvua utepe mweusi maji yalichuruzika, na wavu ulikuwa umesokotwa mkia kama ilivyoandikwa hapa, umekuwa wa kijivu na kumeguka nilipougusa kwa ukucha.

Kipimo cha kwanza tulikifanya na mzee akiwa kwenye simu. Nilipochomoa adapta alisema ubora umepanda kutoka chini kabisa hadi karibu na mwisho wa mstari, nilipoirudisha akasema umeanguka, na mara ya tatu akaniambia nisiendelee kumchezea. Kipimo cha pili kilitoa jibu ambalo sikulitarajia: antena ikiwa haijaunganishwa na kitu, chumba cha mwisho kiliendelea kuonyesha chaneli kadhaa kama kawaida, na vyumba vingine vikawa tupu.

Nimefanya haya. Waya wa kutoka kwenye mlingoti hadi kwenye spilita nimeutoa wote na kuweka mpya, mzima bila kiungo, mita 22, wenye karatasi iliyofumbata mpira na wavu mnene. Konekta zote zimebanwa kwa koleo lake, ambalo nimeliazima kwa fundi wa dishi. Busta nimebadilisha, nimeweka ya desibeli 18. Njia mbili tupu za spilita nimezifunga kwa vifungio vya omu 75, vizibo vinavyomeza mawimbi yasirudi wala kutoka. Mzee sasa anapata chaneli zake zote, na jana tuliwasha na kuzima mbele yake bila tofauti yoyote.

Lililobaki ni la chumba cha mwisho. Waya wa kwenda huko nimebadilisha na soketi ya ukutani ni mpya, lakini simu ikiwa karibu picha bado inakatika, ingawa si kama zamani. Je, bado kuna mahali panapovuja?

Fundi Mlingoti:

Hongera kwa kuukata ule mviringo. Usimlaumu sana fundi wako kwa kubakiza waya, wengi wetu tulifundishwa kuacha akiba. Kosa ni mahali alipouweka. Akiba iachwe darini, mbali na antena, au isiwepo.

Desibeli 18 zinakutosha. Waya mzuri wa RG-6 hupoteza takriban desibeli 17 kwa mita 100 kwenye masafa ya runinga, hivyo mita zako 22 zinakula kama nne, na spilita ya njia sita inakula kama kumi. Ukijumlisha konekta, busta yako inarudisha kilichopotea na kuacha kidogo. Zile 36 zilikuwa zinajaza tu kelele.

Kuhusu chumba cha mwisho, angalia kamba fupi inayotoka kwenye soketi kwenda kwenye king'amuzi. Watu hubadilisha waya wote wa darini kisha wanamalizia na kile kipande cha mita moja na nusu kilichokuja bure ndani ya boksi, ambacho vichwa vyake ni plastiki tupu na wavu wake unashikiliwa na nyuzi tatu. Kiko palepale simu inapolazwa. Azima kamba ya chumba kingine ujaribu.

Mhandisi wa Masafa:

Nakubaliana na Fundi kuhusu kamba fupi, na ningeanza nayo. Ikishindikana, tatizo huenda si la uvujaji bali ni la busta kupokea isichotakiwa kupokea. Katika ukanda wetu runinga sasa imebakiziwa megahezi 470 hadi 694. Kuanzia hapo kwenda juu wamepewa watu wa simu. Simu za 4G zinazotumia megahezi 700 hutuma kuanzia 703, yaani megahezi tisa tu juu ya mwisho wa masafa ya runinga, na zile za megahezi 800 hutuma kati ya 832 na 862. Busta nyingi zilizoko madukani bado zimeandikwa 470 hadi 862, kwa hiyo zinaikuza na simu pia.

Ili uone ukubwa wa jambo lenyewe: mawimbi ya runinga yanayofaa kwenye soketi, tuseme milivolti moja, yana nguvu ya nanowati 13 hivi, wakati simu ikiwa mbali na mnara hutuma hadi miliwati 200. Hiyo ni mara milioni kumi na tano. Hata ngao nzuri ya waya (wavu na karatasi yake) ikizuia sehemu kubwa ya nguvu hiyo, kinachobaki kinaweza kutosha kukizonga king'amuzi kilicho umbali wa mkono.

Soma kwanza lebo ya busta mpya. Ikisema 470 hadi 694, basi sababu ni kamba au king'amuzi chenyewe. Ikisema hadi 862, tafuta kichujio cha kuzuia 4G kinachokatia kwenye 694, si vile vya zamani vilivyokatia kwenye 790, kwa kuwa hivyo vinaiacha megahezi 700 ipite. Kichujio kikae kati ya antena na busta, sio baada yake, maana busta ikishalemewa hakuna kichujio kilicho baada yake kitakachorudisha picha.

Mwenye Nyumba (Mbagala):

Ilikuwa kamba. Nimeweka ya chumba changu na mpangaji amepiga simu akiwa ameilaza juu ya king'amuzi, picha haikutikisika. Lebo ya busta inasema 470 hadi 694. Ile kamba ya zamani nimeipasua kwa kisu ili nione: wavu wake haukufika kabisa kwenye kichwa cha upande wa soketi, uliishia ndani ya plastiki, sentimita tatu nyuma.